Meza ya vitabu vya utoto wetu katikati ya Lubumbashi

Mtu anayetafuta leo mjini Lubumbashi riwaya na hadithi za Kiafrika alizozisoma akiwa mtoto hana njia nyingi. Maduka ya vitabu yenye milango na vioo huuza zaidi vitabu vya dini, vya sheria na vya shule, na riwaya chache zilizomo huuzwa kwa dola. Wako wauzaji wa fotokopi, ambao nitawataja kwa uchungu baadaye kidogo. Wako pia mabukinisti, yaani wauzaji wa vitabu vilivyokwisha kusomwa, wanaotandaza mali yao kando ya barabara. Nataka kuzungumzia meza moja ya hawa wa mwisho, iliyo chini ya baraza la duka, mwendo mfupi kutoka Posta, kwa sababu sijaona mahali pengine mjini ambapo vitabu hivyo hutunzwa namna ile. Mwenye meza ni mzee wa makamo ambaye hakupenda jina lake litajwe, nami nitamwita Papa, kama tunavyomwita sote tunaokwenda kwake.

Meza yenyewe ni mbao mbili ndefu zilizolazwa juu ya mapipa, na nyuma yake limesimama kabati la chuma lisilo na milango. Mgeni atadhani vitabu vimerundikwa ovyo, kwa kuwa havikufuata alfabeti wala majina ya waandishi. Ukweli ni kwamba Papa amevipanga kwa madarasa ambamo vilikuwa vikisomwa: kushoto vya shule ya msingi, katikati vya miaka ya kwanza ya sekondari, na kulia vile ambavyo walimu wa Kifaransa walitupa tulipokaribia Exetat, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Kwa mtu aliyesomea hapa, mpangilio huo unafaa kuliko alfabeti, maana kitabu cha utotoni tunakikumbuka kwa mwalimu na kwa dawati, na mara nyingi jina la mwandishi limekwisha kutoweka kabisa.

Upande wa kushoto ndio ulionishika kwanza, kwa sababu palikuwa na La Belle Histoire de Leuk-le-Lièvre, kitabu ambacho Léopold Sédar Senghor na Abdoulaye Sadji walikiandika kwa ajili ya shule na kikatoka mwaka 1953. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka mwanzo wake: wanyama wamekutana ili wamjue aliye mdogo kuliko wote kwa umri, kila mmoja anataja siku yake ya kuzaliwa, na Leuk anaruka kutoka juu ya mti akiwaonya wampishe kwa maana ndiyo kwanza anazaliwa. Darasani tulicheka hadi mwalimu akapiga meza. Leuk ni sungura wa Senegali, lakini hakuna mtoto wa mitaa yetu ya Katuba au Kamalondo aliyemwona kuwa mgeni, kwani wazee wa nyumbani walikuwa wametusimulia visa vya sungura Kalulu usiku mwingi kabla hatujajua kusoma, na majirani zetu waliotoka Kasai walikuwa na Kabundi wao, mnyama mjanja wa hadithi zao, mwenye werevu uleule. Bouki fisi, anayedanganywa kila mara na kurudi kila mara, naye tulimjua tayari. Kitabu hicho kilitufundisha Kifaransa, lakini kilitufundisha kwa kupitia jambo tulilokuwa nalo, na ninaamini ndiyo sababu sentensi zake zimebaki vichwani mwetu wakati kanuni za sarufi za mwaka uleule zimepotea.

Kinachoitofautisha meza hii na nyingine zote ni matengenezo. Kitabu kinapofika mikononi mwa Papa kikiwa na mgongo uliopasuka, huanza kwa kung'oa pini za chuma, kwa sababu kutu ndiyo inayokula karatasi polepole na kuacha doa la kahawia lenye umbo la pini. Kisha hufungua mikunjo ya kurasa, huifuta vumbi letu jekundu kwa brashi ya kunyolea ndevu, na kuishona upya mkunjo kwa mkunjo kwa uzi aliousugua kwenye nta. Gundi huipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, nyepesi, akiikoroga bila kusita ili isifanye mabonge. Huipaka mgongoni tabaka moja jembamba, na kitabu hulala chini ya matofali mpaka siku ya pili. Jalada likiwa limepotea, hukata jipya kutoka kwenye katoni, hulivika karatasi ya mfuko wa saruji, na juu yake huandika jina la mwandishi na la kitabu kwa wino mweusi na kwa ule mwandiko wa kuunganisha tuliofundishwa shuleni. Wengi wetu tulifunika madaftari yetu kwa karatasi hiyohiyo, tukiigeuza ili maandishi ya kiwanda yabaki ndani, na kuishika tena mkononi, ngumu na laini kwa pamoja, kulinipa furaha ambayo sikuitarajia.

Hatumii skochi, yaani utepe wa plastiki wenye gundi, hata kidogo. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo kwa kitabu cha franka elfu chache, naye alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano: «Mama, hiki mtoto atakifungua mara mia. Nikikibandika na skochi tu, wiki moja haiishi, utakuwa na majani matupu.» Amesema kweli. Skochi hukauka, hugeuka manjano, na inapobanduka huondoka na herufi. Nina vitabu nyumbani vilivyoharibiwa hivyo, na hakuna fundi wa kuvirudisha.

Sasa niseme kuhusu fotokopi. Siku za nyuma, kwa muuzaji mwingine kabisa, nilimnunulia binti yangu nakala ya L'Enfant noir, riwaya ya Camara Laye wa Guinea, iliyotolewa kwa mashine na kubanwa kwa pini tatu. Herufi zilikuwa zimefifia kwenye kingo, lakini hilo lilivumilika. Lisilovumilika ni kwamba karatasi ya mwisho haikuwemo. Riwaya hiyo inaishia ndani ya ndege, kijana akiwa ameiacha Guinea nyuma yake, mkono wake ukigusa kitu kinene mfukoni ambacho ni ramani ya metro ya Paris. Binti yangu alikifunga kitabu akiamini kwamba kijana yule alibaki Conakry kwa mama yake. Mtoto amesoma kitabu kizima kwa bidii, kisha amenyimwa mwisho wake na mtu aliyeshindwa kuhesabu kurasa. Papa huhesabu. Kila kitabu kinachopita mezani kwake hukaguliwa ukurasa kwa ukurasa, na kilichopungua huandikwa kwa penseli ndani ya jalada kwamba kimepungua na wapi, kisha bei yake hushushwa. Ni uaminifu ambao kwa mnunuzi wa vitabu vya mtumba una thamani kuliko punguzo lolote.

Kwake nilipata nakala iliyochapwa ya riwaya hiyohiyo, kamili, nikaisoma upya kabla ya kumpa binti yangu. Camara Laye alikuwa na miaka 25 tu ilipotoka mwaka 1953, na nilitaka kujua kama ni kitabu chenyewe kilichokuwa kizuri au ni utoto wangu. Ni kitabu. Kurasa za karakana ya baba hazijachakaa: mwanamke ameleta dhahabu yake ifanywe pambo, msifu anapiga kora, ala ya nyuzi, na kumtukuza fundi na mababu zake, baba anasogeza midomo bila sauti wakati dhahabu inayeyuka, na yule nyoka mdogo mweusi yuko karibu. Sisi watoto wa kambi za wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, tuliusoma ukurasa huo kwa namna yetu. Tanuru la Lubumbashi liliyeyusha shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na baba zetu walirudi jioni na harufu yake kwenye nguo. Tulijua kwamba mtu anayesimama mbele ya madini yaliyoyeyuka hapaswi kusemeshwa. Hakuna mwalimu aliyehitaji kutueleza ule ukimya wa baba wa Camara.

Katikati ya meza hutawaliwa na mwandishi wetu Mkongo Zamenga Batukezanga, na ni haki yake. Kabla ya kufariki mwaka 2000 alikuwa ameandika vitabu vyembamba vya bei ndogo, vingi vikitolewa na Saint-Paul Afrique, vyenye karatasi ya kawaida na majalada mepesi, kuhusu kijiji na jiji, mahari, uchawi na aibu ya kijana aliyesoma anaporudi kwao. Wasomi wengine walimdharau kwa Kifaransa chake chepesi. Mimi naona wepesi huo ndio uliomfikisha mikononi mwetu: Souvenirs du village na Carte postale vilipita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu hadi vikapoteza pembe, na dada zetu wakubwa walivisoma kwa sauti jikoni. Papa anavyo vingi, vyote vimeshonwa. Kando yake niliona Je ne suis pas sorcier cha Pie Tshibanda, mwana wa Kolwezi, na upande wa kulia nakala moja ya Ngando ya Paul Lomami Tshibamba, hadithi iliyopata tuzo mjini Brussels mwaka 1948, ya mtoto anayetoroka shule, anakwenda mtoni na kunyakuliwa na mamba. Mudimbe, mwandishi aliyezaliwa Likasi na kufundisha katika chuo kikuu chetu, huwa hakai mezani. Akifika asubuhi, jioni amekwisha kuchukuliwa na wanafunzi, na bei yake ni ya juu.

Vitabu hivi vyote vilitoka nyumbani mwa watu, na hilo linaonekana. Karatasi ya kwanza ya nakala yangu ina majina matatu ya wanafunzi, kwa wino wa rangi tofauti na kwa miaka tofauti, jina la katikati likiwa limepigiwa mstari kwa rula. Wauzaji wengi huichana karatasi hiyo ili kitabu kionekane kipya. Papa haichani, na nilipomgusia jambo hilo alisema kwa ufupi kwamba wenyewe wanaweza kurudi. Anayejua historia ya mji huu ataelewa. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliokuwa umezidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulikuwa umeanguka chini ya tani 50,000 kufikia mwaka 1994. Mishahara ikachelewa, kisha ikakatika, na nyumba zikauza viti, halafu redio, halafu vitabu. Katika miaka ya 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa kutoka Likasi, Kolwezi na kwingineko Katanga, zikapanda treni na kile tu walichoweza kubeba. Vitabu ni vizito. Mengi ya majina yaliyomo kwenye kurasa za kwanza za meza hii ni ya watoto wa miaka hiyo, na kwa maoni yangu kuyaacha mahali pake ni sehemu ya kazi nzuri inayofanyika pale, sawa na kushona na kuhesabu kurasa.

Lawama yangu kubwa ni Kiswahili. Katika meza nzima sikukuta zaidi ya vitabu vichache vya lugha yetu, na vingi kati ya hivyo vilikuwa vya sala. Hili linaumiza katika mji ambao Kiswahili kinasemwa sokoni, nyumbani, kanisani na uwanjani kuanzia alfajiri, na ambamo mtoto wa komine ya Kenya, mtaa wa mji huu, anaweza kuishi wiki nzima bila kuhitaji Kifaransa nje ya darasa. Shaaban Robert alikwisha kutuandikia Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952. Hicho cha pili, chenye gavana anayewachapa manyani wawili kila usiku mpaka tunapofahamu kwamba hao ni ndugu zake mwenyewe, kingemshika mtoto yeyote wa hapa mpaka ukurasa wa mwisho. Shujaa Okonkwo, ambayo ni riwaya maarufu ya Chinua Achebe kwa Kiswahili, ipo tangu mwaka 1973. Malori yanayotoka Dar es Salaam hupita Tunduma, huvuka Zambia na kuingia kwetu kwa Kasumbalesa, kilomita takriban 90 tu kutoka hapa; yanatuletea sabuni, mafuta na vipuri, na sanduku moja la vitabu lisingemzidishia dereva mzigo wowote. Nilimwambia Papa hivyo waziwazi. Alikubali kwamba ni pengo, akaeleza kwamba wateja wake huomba walichokisoma shuleni, na shuleni tulisoma Kifaransa. Maelezo hayo nayaelewa, ila hayanitoshi: muuzaji anayejua kufufua kitabu kilichokufa anaweza pia kumwekea mtoto mezani kitabu ambacho wazazi wake hawakupata nafasi ya kukisoma.

Huduma ambayo wapita njia wengi hawaioni imo ndani ya sanduku la bati chini ya meza. Humo kuna vitabu visivyouzwa, vya kuazima tu, kwa ajili ya watoto. Mzazi huacha amana ya franka 5,000, jina la mtoto huandikwa kwenye daftari, na kila juma mtoto hulipa franka 500 kwa kitabu kimoja. Siku za Jumamosi utawakuta wamekaa juu ya kreti zilizopinduliwa, wengine bado wana shati jeupe na suruali ya bluu ya shule, wakisoma palepale kwa kuwa nyumbani hakuna umeme wa uhakika jioni. Kijana anayemsaidia Papa huwauliza wanaporudisha: kitabu kilimhusu nani, na mambo yaliishaje? Asiyejua mwisho huambiwa akae nacho juma lingine bila malipo.

Ni sanduku hilo lililonifanya nielewe vizuri mahali nilipo. Ile nakala ya Leuk niliyoiona upande wa kushoto niliitaka sana, na nilikuwa tayari kulipa zaidi ya bei. Papa alikataa. «Hii ni ya sanduku, Mama, imepanda juu ili gundi ikauke. Ukitaka kuisoma, kaa hapo usome, bei hatutasikilizana.» Nilihuzunika, kisha nikaona kwamba ana haki. Sisi tuliosoma vitabu hivi tukiwa wadogo tunavinunua leo kwa mapenzi makubwa na kuvifungia kwenye kabati la vioo sebuleni, kati ya picha za harusi, na tunawakataza watoto wetu wasiviguse. Leuk kwenye kabati langu angesomwa na mtu mmoja ambaye anamjua tayari. Nilikaa kwenye kreti nikasoma sura za kwanza, msichana mmoja akanisogelea akasoma juu ya bega langu, na tulipofika pale Leuk anaporuka kutoka mtini alicheka kabla yangu.

Kasoro nyingine ni ndogo, lakini mnunuzi azijue. Gundi ya muhogo hupendwa na mende, kwa hiyo kitabu kilichotengenezwa pale kiwekwe mahali pakavu na kikaguliwe mara kwa mara. Wakati wa masika turubai la barazani huvuja upande mmoja, na vitabu vya kulia vina harufu ya unyevu ambayo haiishi upesi. Mimi huvianika kivulini, kamwe si juani, kwa kuwa jua huikausha gundi mpaka ikatike. Vitabu vya picha ni vichache mno, na vile vya katuni vilivyotolewa Kinshasa wakati wa utoto wetu havipo kabisa. Riwaya nyembamba huuzwa kati ya franka 5,000 na 10,000, nene huanzia 15,000, na kitabu chako mwenyewe kikihitaji kushonwa utalipa kulingana na ugumu wa kazi, ukisubiri siku mbili au tatu. Malipo kwa M-Pesa hupokelewa. Jumapili hakuna mtu.

Papa pia hupokea oda: unaacha jina la kitabu na namba ya simu, naye huulizia kwa wenzake wa mjini na wa Likasi. Kilichokuwa kwa Kifaransa nilikipata ndani ya mwezi. Sasa nimeacha oda ya Adili na Nduguze, nakala mbili, moja ya binti yangu na moja ya sanduku, na nusu ya pesa nimekwisha kuilipa.